Umejuaje? Shajara ya darasa la jioni, Tabora

Jumanne, 7 Januari 2025

Leo tumepata chumba. Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huku Ng'ambo ametukubalia darasa la nne, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu. Masharti yake ni mawili: tufagie kabla ya kuondoka, na tusifute kilichoandikwa upande wa kushoto wa ubao. Nimekubali palepale, asije akaghairi.

Shajara hii naiandika kwa ajili ya wenzangu wawili tunaoendesha mradi, na kwa mwalimu yeyote wa mkoa mwingine atakayetaka kujaribu. Mradi wenyewe ni kozi ya wiki 12 ya historia, uraia na maarifa ya jamii kwa watu wazima waliomaliza shule zamani, au waliokatishwa, na hawana mpango wa kukaa kwenye mtihani. Si QT (mtihani wa maarifa wa watahiniwa wa kujitegemea), si kisomo, si kompyuta, si ushonaji. Hizo zote zina mahali pake na zina walimu wake. Hapa mtu anakuja kusoma habari za binadamu kwa kuwa anataka kuzijua.

Ofisi moja niliyoipelekea barua ya maombi iliniuliza swali moja tu: "Itawasaidia nini?" Nilijibu habari za kupanua mawazo, nikaona macho ya msikilizaji yakirudi kwenye makaratasi yake. Tangu siku ile nalitafuta jibu lililo bora, maana swali lenyewe ni la haki.

Wiki 12 hatukuzibuni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilienda wiki 12 nchi nzima: watu karibu milioni 2 wakikaa kwenye vikundi kuzunguka redio, wanasikiliza kipindi, wanasoma kijitabu, wanajadili, kisha wanaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Viongozi wa vikundi waliofundishwa kabla ya kuanza walikuwa zaidi ya 70,000. Kama Watanzania waliweza kukaa wiki 12 kujadili choo, naamini wataweza kukaa wiki 12 kujadili Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi wa karne ya 19.

Jumanne, 14 Januari

Waliojiandikisha 34, waliofika 29. Mchango ni shilingi 10,000 kwa kozi nzima, ya kutolea kopi na kununulia chaki. Wapo mama anayeuza asali sokoni, gadi mstaafu wa reli mwenye miaka 71, vijana watatu wa bodaboda, mafundi cherehani, nesi mmoja, karani wa duka la pembejeo, wakulima wa tumbaku waliohamia mjini, na bibi mmoja wa Isevya, miaka 68, aliyekuja na daftari lililovishwa gazeti kama tulivyokuwa tukifanya utotoni.

Madawati ni ya watoto. Mzee wa reli alijaribu kuingiza magoti, akashindwa, akakaa upande kama mtu aliyepanda farasi kwa mkao wa kike, na ndivyo alivyokaa saa mbili zote. Lazima tutafute viti.

Nilizungumza mwanzo mpaka mwisho: misafara ya karne ya 19, Kaze, kituo cha biashara kilichokuwa hapa Tabora, na utemi wa Unyanyembe uliokizunguka, na wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walioingia hapa Novemba 1857. Waliandika kila kitu. Hakuna aliyeuliza. Nimerudi nyumbani nimenyong'onyea, na mke wangu amesema jambo lililonichoma: "Umewafanya watoto wa darasa la nne kweli."

Alhamisi, 16 Januari

Leo limetokea.

Nilikuwa nimeandika ubaoni, upande wa kulia, kwamba mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Mzee wa reli akanyoosha mkono. Amefanya kazi njia ya Kigoma miaka mingi, na mnara wa Ujiji ameuona kwa macho yake.

"Mwalimu, samahani. Umejuaje?"

Nikamwambia imeandikwa kitabuni.

"Sawa, mwalimu. Na aliyeandika kitabu, yeye amejuaje?"

Hakusema kwa ubishi. Aliuliza kama gadi anavyouliza karatasi ya behewa: imesainiwa na nani, saa ngapi, stesheni gani. Darasa zima likanitazama. Nikajibu, "Mzee wangu, nipe mpaka Jumanne." Na mara ile watu waliokuwa wamekaa kimya siku mbili wakaanza kusemezana.

Jumanne, 21 Januari

Nilikuja na kopi za kurasa mbili. Stanley anasema 10 Novemba. Daftari la Livingstone mwenyewe linaiweka siku ile katika siku za mwisho za Oktoba. Watu wawili, walioshikana mikono mahali pamoja, wana tarehe zinazopishana kwa majuma. Livingstone alikuwa ameugua sana njiani na hesabu ya siku ilimpotea. Stanley naye homa ilimlaza zaidi ya mara moja kabla ya kufika.

Tukaligawa darasa makundi manne, na kazi ilikuwa hii: ungekuwa wewe ndiye hakimu, ungemwamini nani, na kwa nini? Nesi alizungumzia wagonjwa wanaoapa kwamba walilazwa juzi kumbe wana siku sita wodini. Mama wa asali akasema yeye angemtafuta mtu wa tatu, yaani wenyeji wa Ujiji, "maana wageni wawili wakibishana tarehe, mwenye nyumba anajua ilikuwa siku ya gulio au la." Sijawahi kusikia mwanafunzi wa kidato cha nne akilisema jambo hilo vizuri hivyo, na nimefundisha miaka 19.

Kuanzia leo nimebadili mpango. Saa moja mwalimu anazungumza, saa moja ni ya mjadala, na saa ya mjadala mwalimu hairuhusiwi kuila. Utaratibu huu ni wa zamani na ulizaliwa kwa wafanyakazi. Mwaka 1908 mwanahistoria R. H. Tawney aliufuata na wafanyakazi wa viwanda wa Rochdale na Longton, Uingereza, ambao walikuja darasani jioni baada ya zamu, wakasoma historia ya uchumi kwa miaka mitatu mfululizo na kuandika insha. Kabla ya hapo, tangu 1873, Cambridge ilikuwa ikituma wahadhiri mijini, lakini mhadhara ulikuwa mhadhara: mtu anasema, wengine wanasikia. Wale wafanyakazi ndio waliodai nusu yao ya muda. Mbegu hiyo ikafika kwetu kwa njia ndefu: mwaka 1960 Makerere ilifungua Dar es Salaam tawi lake la masomo ya nje ya chuo, na tawi hilo ndilo lililokua likawa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyopewa sheria yake mwaka 1975.

Nimeandika "UMEJUAJE?" kwa herufi kubwa kwenye manila na kuibandika juu ya ubao. Mwalimu mkuu kasema ibaki hata mchana.

Alhamisi, 30 Januari

Mvua kubwa, umeme umekatika, waliofika 11. Tulisoma kwa tochi za simu mpaka chaji zikaisha. Tumepata viti vinane vya plastiki kwa mkopo kutoka kwa fundi cherehani anayekodisha viti vya shughuli.

Alhamisi, 6 Februari

Hii ya leo nataka kuiandika yote.

Mada ilikuwa wapagazi. Kila mtoto wa Tabora amesikia kwamba Wanyamwezi walikuwa wapagazi hodari, na kwa wengi wetu neno lenyewe lina harufu ya utumwa. Nilieleza kwamba wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, walijua bei yao, waligoma, na walikuwa wakiongoza misafara yao wenyewe mpaka pwani kabla ya wafanyabiashara wa pwani kuingia bara kwa wingi. Nikataja mzigo: kawaida ni frasila mbili hivi. Frasila moja ni kama kilo 16.

"Umejuaje?" Sasa wanauliza kwa pamoja, kama kiitikio.

Nikawaambia wasafiri walioandika walikuwa wengi, wa nchi mbalimbali, wengine hawakupendana hata kidogo, na bado uzito wanaoutaja unakaribiana. Wakaridhika nusu. Ndipo kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Basi tuupime tuuone."

Akatoka na pikipiki. Baada ya robo saa akarudi na mahindi kwenye kiroba, yamepimwa dukani: kilo 32. Tukatoka uwanjani wote. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, ardhi bado ina unyevu wa mvua ya mchana. Kijana akakibeba begani kwa mbwembwe, akauzunguka uwanja mara moja anacheka, mara ya pili kanyamaza, mara ya tatu akahamishia bega jingine, ya nne akakitua. Shingo ilikuwa imevimba mishipa.

Mama wa asali hakusema neno. Akavua mtandio, akauzungusha mkononi ukawa ngata, akauweka kichwani, akachuchumaa. "Nitwisheni." Tukamtwisha. Akazunguka uwanja mara sita, mkono mmoja kiunoni, anazungumza na wenzake njiani kama anatoka kisimani. Alipotua akasema: "Ndoo ya lita 20 nimebeba tangu nina miaka tisa. Huu ni ndoo na nusu. Kutembea si kazi. Kazi ni kutembea kesho tena."

Tukapiga hesabu ubaoni. Burton alitumia siku 134 kutoka pwani mpaka Kaze, pamoja na kukaa njiani, kuugua na kubishana hongo, yaani ushuru wa kupita kwenye nchi za watemi. Misafara ya Wanyamwezi wenyewe ilikwenda upesi zaidi. Hata ukiipunguza mara mbili, ni zaidi ya miezi miwili ya kesho tena, kesho tena. Na juu ya frasila mbili mpagazi alikuwa na mkeka wake, chungu, chakula na silaha.

Halafu bibi wa Isevya akauliza swali ambalo sikuwa nimeliandaa: "Na wake zao?" Nikajibu ninachokijua, kwamba wanawake wengi walifuatana na misafara, wakibeba vyombo na chakula, wakipika kila kambi, na watoto wengine walizaliwa njiani. "Majina yao yameandikwa?" Machache mno, bibi. Akaandika kitu kwenye daftari lake, taratibu, kisha akalifunga.

Ile ofisi iliyoniuliza itawasaidia nini, laiti ingekuwepo uwanjani.

Alhamisi, 13 Februari

Habari mbaya, na naiandika kama ilivyo. Taasisi moja iliyokuwa imetuahidi kwa mdomo kwamba itatoa vyeti vya kuhudhuria imejiondoa. Wanasema kozi yetu haina mtaala uliosajiliwa. Kosa langu ni kwamba niliwatangazia wanafunzi kabla ya kuwa na barua mkononi.

Leo nimewaambia ukweli. Watu sita wamesema wataacha, na siwalaumu. Mmoja wao, mlinzi wa usiku, alikuwa akibadilisha zamu ili awahi darasani, na alitegemea cheti kimsaidie kwenye usaili. Nimemrudishia 10,000 yake, akakataa, nikamlazimisha. Wengine wamebaki. Karani wa duka la pembejeo aliuliza kama inawezekana mwisho wa kozi kila mmoja aandike ukurasa wake, tuzitoe kopi tuzibane pamoja, "ili mtu akiulizwa alisoma nini, aonyeshe." Nimeona ni wazo kubwa kuliko cheti, lakini sikulisema kwa sauti mbele ya yule mlinzi.

Alhamisi, 20 Februari

Isike, mtemi wa Unyanyembe. Januari 1893 jeshi la Wajerumani chini ya Tom von Prince lilipoingia ngomeni mwake, alijilipua kwa baruti kuliko kushikwa. Nilitaka tusome jinsi washindi walivyoripoti na tuiweke sambamba na masimulizi ya nyumbani.

Ilikuwa ngumu. Watu wana heshima yao kwa Isike na hawapendi kumuuliza bibi "umejuaje" anapousimulia msiba wa ukoo. Kijana mmoja alimuuliza hata hivyo, na darasa likaganda. Bibi akamtazama kwa muda, akasema: "Nimejua kwa bibi yangu mzaa mama. Na yeye alikuwa mtoto, alijua kwa waliokuwa wakubwa. Ulitaka niwe na karatasi?" Kijana akaomba radhi. Bibi akamkatiza: "Usiombe radhi. Uliza, yule mzungu aliyeandika alikuwa upande gani wa ukuta?"

Tukamalizia hapo. Nimejifunza kwamba swali letu lina adabu yake, na kwamba mdomo na karatasi vyote ni mashahidi, vyote viwili vinahojiwa. Wiki ijayo nitaanza kwa hilo.

Jumanne, 25 Februari

Sehemu ya elimu ya jamii imeanza: namna ya kuuliza watu. Kila mmoja alileta swali moja la kwenda kuuliza mtaani. Kijana wa bodaboda alileta hili: "Kwa nini vijana wa siku hizi hawapendi kusoma?" Tulikaa nalo jioni nzima. Fundi cherehani mmoja akaona tatizo: swali limeshahukumu kabla ya kuuliza. Tulilivunja, tukalijenga upya mara nne, mwisho likawa: "Jana baada ya kazi, ulifanya nini mpaka ulipolala?" Swali halina maringo yoyote, na majibu yake yanaweza kumshangaza mwenye kuuliza.

Alhamisi, 27 Februari

Kijana amerudi na majibu ya wenzake wa kijiweni. Wengi walisema walikuwa kwenye simu. Alipowauliza wakifanya nini, wakaonyesha: matokeo ya mpira, ndiyo, lakini pia bei za mbaazi, mahubiri, mawaidha, taarifa za ajira, mmoja anasoma hadithi ya kuendelea kila usiku. "Kumbe wanasoma, mwalimu. Sisi tulikuwa tunahesabu vitabu tu." Alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota hela.

Ramadhani inaanza mwishoni mwa wiki. Zaidi ya nusu ya darasa wanafunga, na saa kumi na mbili na nusu ni wakati wa kuwa jikoni. Tumekubaliana kuhamia Jumamosi asubuhi mpaka baada ya Idi, na kozi itasogea mbele kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

"Mwangaluka!" Ndiyo salamu yetu ya asubuhi kwa Kinyamwezi. Asubuhi ina watu wengine kabisa, hata mzee wa reli anacheka.

Tumekwenda Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone baada ya kuachana na Stanley mwaka 1872. Wengi wa darasa wamezaliwa Tabora na hawajawahi kuingia humo. Kuta nene za udongo mwekundu, mlango mzito, na ubaridi unaokupokea ukitoka juani.

Nilichotaka kukisema pale hakikuwa habari za Livingstone aliye hai. Alikufa mwaka uliofuata, Mei 1873, kwa mtemi Chitambo, mbali huko kusini katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, Abdullah Susi na James Chuma wakiwa mbele, wakaukausha mwili wakaubeba. Oktoba walifika Unyanyembe wakamkuta Mwingereza, Cameron, ambaye aliwashauri wauzike hapahapa, maana njia ni ndefu na ina hatari. Wakakataa. Wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na Aprili ukazikwa London.

Tuliketi kivulini. Nikauliza: kwa nini walikataa? Nesi alisema ni ahadi. Mkulima mmoja wa tumbaku akasema ni malipo, bila mwili nani angewaamini na kuwalipa? Hapo wakazozana kwa kweli, na wala si kwa hasira. Bibi akafunga kwa kusema mtu anaweza kuwa na ahadi na njaa kwa wakati mmoja. Waliokuwa hawajafunga walikwenda pembeni nyuma ya gari kula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa staha, na tukarudi mjini.

Jumamosi, 15 Machi

Mjadala wa kura tatu. Hili ni jambo lililotokea mjini kwetu na linafundishwa kwa mstari mmoja: Januari 1958 TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, ilikutana Tabora ikaamua kushiriki uchaguzi, na uamuzi ukaitwa wa busara. Kwa kuwa tunajua mwisho wake, hakuna anayesikia tena uzito wake.

Kwa hiyo nikaweka sharti: ni Januari 1958, hakuna anayejua kitakachotokea, ni marufuku kutaja 1961, mwaka wa uhuru. Serikali ya Mwingereza inasema kila mpiga kura lazima apige kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu, nchi ambayo Waafrika ni karibu watu wote. Na ili uandikishwe unatakiwa uwe na kipato, elimu au cheo ambacho wengi wenu hamna. Mnashiriki au mnasusia?

Nilipohesabu mikono mwanzoni, kususia kulishinda kwa mbali. Mzee wa reli, ambaye kwa kawaida ni mpole, alisimama: kukubali sheria ya dharau ni kujidharau, na ukishaketi kwenye meza yao utakula chakula chao. Hiyo ndiyo kauli ya watu waliokuwapo kweli. Zuberi Mtemvu alijitoa TANU kwa ajili yake akaanzisha chama chake. Upande wa pili alisimama mama wa asali. Alisema hivi, na nimeyaandika neno kwa neno: "Nikisusa gulio kwa sababu ushuru ni wa uonevu, asali yangu inabaki ndani na nafasi yangu anakaa mwingine. Naingia, nauza, halafu nakwenda na wenzangu kwenye ofisi ya ushuru tukiwa wengi."

Tuliendelea saa mbili na nusu. Hesabu ya mwisho ilikuwa sawa kwa sawa, na mimi kama mwenyekiti nikakataa kupiga kura ya uamuzi. Baadaye ndipo nikawakumbusha yaliyofuata, kwamba TANU ilishiriki, na wagombea iliowaunga mkono, wa rangi zote tatu, wakashinda. Mzee wa reli akasema bado habadilishi kauli yake, na nikamwambia hana sababu ya kuibadilisha. Kwamba upande mmoja ulishinda hakuonyeshi kwamba hoja za upande wa pili zilikuwa za kipuuzi.

Njiani kurudi nyumbani nikalipata jibu la ile ofisi. Leo watu 22 wa mji huu, wa dini, kabila na vyama tofauti, wamebishana asubuhi nzima juu ya siasa na hakuna aliyemtukana mwenzake, na kila mmoja alilazimika kueleza kwa nini. Nitaiandika hivyo kwenye barua ya pili.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya kuandika. Kimya kizuri. Bibi wa Isevya alisoma kisomo akiwa msichana, na wiki zile 12 za 1973 anazikumbuka: redio moja, watu chini ya mwembe, baba yake akichimba choo siku ya pili yake. Tangu siku zile ameandika barua na hesabu za vikoba tu. Leo ameandika ukurasa mzima. Amejaribu kuorodhesha majina ya wanawake wa ukoo wake kwenda nyuma kadiri anavyoweza, na kila jina amelitaja limetoka kwa nani. Ameanza na yeye, akafika kizazi cha tano. Jina la mwisho ameliwekea alama ya kuuliza.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita, darasa limejaa, mwenye maandazi kaleta. Kurasa 18 zimekabidhiwa. Nimezisahihisha tahajia tu, lugha nimeiacha ya mwenyewe.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumemaliza. Steshenari wametutolea kijitabu nakala 40, kimebanwa kwa pini tatu, jalada la manila ya kijani. Baada ya kulipa, kwenye kopo zimebaki shilingi 23,500, na zitaanzia kundi la pili mwezi wa Julai, baada ya mavuno. Majina 15 yameshaandikwa, likiwemo la yule mlinzi wa usiku, ambaye nilimfuata mwenyewe kumwambia kwamba cheti bado hakipo. Akasema amesikia habari za kiroba cha mahindi.

Ukurasa mmoja haujaingia. Mzee wa reli anaandika habari za baba yake na meli ya Liemba. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaja vipandevipande kwenye masanduku, ikasafiri kwa reli yetu hii mpaka Kigoma, ikateremshwa ziwani mwaka 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe Julai 1916 jirani na mdomo wa Malagarasi, injini zimepakwa grisi zisiharibike. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini Mei 1927. Baba yake alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo alikuwa bandarini Kigoma, mtoto wa miaka 12, amelowa chapachapa kwa mvua.

Alipoisoma rasimu darasani, mama wa asali aliuliza kwa upole: "Mzee, mvua Kigoma katikati ya Mei?"

Mzee akanyamaza. Akakunja karatasi. Jioni ile alimpigia simu mwenzake wa zamani, mkuu wa stesheni mstaafu anayeishi Ujiji, amtafutie mtu anayejua: ama mvua ilichelewa mwaka ule, ama baba aliiona siku nyingine, ile ya kuibuliwa labda. Jibu halijafika. Nilimshauri aandike tu "inasemekana", akakataa katakata.

Kwenye kijitabu kuna ukurasa wenye jina lake juu, na chini yake nafasi tupu. Nakala yangu nimempa aiweke, ajaze kwa mkono simu ikija.